Usiusubiri Mradi: Mwongozo kwa Anayetaka Kuongoza Kwenye Mafuta na Gesi

Kuna kizazi kizima cha vijana wa Kitanzania waliosoma jiolojia ya petroli, uhandisi wa mabomba na sheria za nishati huku macho yao yakiwa sehemu moja: Likong'o, Lindi. Hapo ndipo palipotengwa pajengwe mtambo wa kusindika gesi ya bahari kuu ili isafirishwe kwa meli. Hesabu zake zinavutia. Gesi asilia iliyogunduliwa nchini ni futi za ujazo trilioni 57.54, na zaidi ya trilioni 47 kati ya hizo ziko kwenye kina kirefu cha bahari. Mradi ulikadiriwa kugharimu dola bilioni 42. Lakini Januari 2021 kampuni ya Equinor, mmoja wa wawekezaji, ilitangaza kupunguza kwenye vitabu vyake dola milioni 982 za thamani ya mradi huo. Juni 2022 serikali na wawekezaji wakasaini makubaliano ya awali, mazungumzo yakaendelea mwaka baada ya mwaka, na vyuo navyo vikaendelea kutoa wahitimu.

Kama umo katika kizazi hicho, au ndiyo kwanza unaingia, usiyapange maisha yako kwa kalenda ya mradi unaoamuliwa na bodi zinazokutana Stavanger, London na Texas. Mradi ukija utawataka watu waliokwisha kuiva. Hautakaa kukungoja uive. Na kuiva kwenye sekta hii hakutokani na semina za uongozi. Nafasi ya kuongoza hupewa mtu ambaye amewahi kukabidhiwa kitu kinachoweza kulipuka, akakaa nacho zamu nzima, akakikabidhi salama kwa mwenzake. Mengine yote, fedha, sheria, siasa za kimataifa, hujengwa juu ya hapo.

Nakuandikia wewe fundi au mhandisi mwenye miaka michache kazini, na wewe ofisa wa ngazi ya kati uliyeanza kuhisi kwamba juu yako hakuna tena pa kukanyaga.

Nenda gesi inakotoka leo

Songo Songo, kisiwani Kilwa, gesi iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inafika Dar es Salaam kuzalisha umeme. Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa 1982. Mwaka 2015 bomba la inchi 36 kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilianza kazi, pamoja na mitambo ya kuchakata gesi ya Madimba na Songo Songo, na uendeshaji wake uko chini ya GASCO, kampuni tanzu ya Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC. Ntorya, nayo ya Mtwara, ilipata leseni ya uendelezaji mwaka 2024, na mwendeshaji wake, ARA Petroleum, ana asili ya Oman.

Huko si mahali pa fahari. Hakuna ghorofa la vioo wala foleni ya magari ya kifahari. Lakini ndiko kuna kisima kilichoanza kutoa maji pamoja na gesi, vali inayovuja saa nane za usiku, mteja anayelalamika kuwa presha imeshuka kiwandani kwake, na mkaguzi aliyefika bila taarifa. Mtu aliyepitia mambo hayo kwa miaka mitatu au minne ana jambo la kusema mbele ya jopo la usaili, hata kama jopo hilo linaajiri kwa ajili ya mradi mkubwa mara kumi. Ukipewa kuchagua kati ya meza Dar es Salaam na zamu Madimba, na huna watoto wadogo wala mzazi mgonjwa wa kukuzuia, chagua zamu.

Usidharau pia mkondo wa chini, yaani kusafirisha, kuhifadhi na kuuza mafuta. Wengi waliosoma petroli huona aibu kufanya kazi kwenye bohari la mafuta, kana kwamba kazi ya kweli ni kuchimba tu. Litazame bomba la TAZAMA. Lilijengwa mwaka 1968, lina urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, na kwa miongo mingi lilisafirisha mafuta ghafi. Mwaka 2023 likaanza kupitisha dizeli. Bomba lenye umri mkubwa kuliko mameneja wake likabadilishiwa kazi, na kubadilisha kazi ya bomba la namna hiyo maana yake ni kulisafisha, kukagua matangi, kubadili namna ya kupima na kuwafundisha upya waendeshaji waliozoea bidhaa nyingine. Anayeshiriki kazi kama hiyo akiwa na miaka thelathini hujifunza kuongoza mabadiliko kwa mikono yake.

Na huko chini ndiko hatari inakokutana na raia. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka. Waliokufa walizidi mia moja. Anayeongoza usafirishaji wa mafuta anaongoza pia barabara, madereva, saa za kupumzika na namna polisi na wananchi wanavyopewa taarifa ajali inapotokea. Kama hujawahi kuwaza hivyo kuhusu kazi ya bohari, anza leo.

Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, EACOP, linahitaji maelezo ya peke yake. Lina kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, kwa hiyo ni lazima yapashwe joto njia nzima la sivyo yatagandia ndani. Ajira nyingi ulizozisikia ni za ujenzi, na huondoka mtaro unapofukiwa. Zinazobaki ni chache na za muda mrefu: vituo vya kusukumia, mifumo ya kupasha joto, upimaji, gati la kupakilia meli. Kama uko kwa mkandarasi wa ujenzi, omba mapema kuhamishiwa kwenye kikosi cha majaribio na uwashaji. Anayeuona mtambo ukiwashwa kwa mara ya kwanza huujua kuliko yeyote atakayekuja baadaye, na mara nyingi ndiye anayebakizwa kuuendesha.

Kazi yenyewe imebadilika

Kwa miaka mingi gesi ya Tanzania ilikuwa na mteja mmoja mkubwa, umeme. Kisha likaja Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 na mitambo tisa, wa kwanza ukiwashwa mwaka 2024. Umeme wa maji ulipoongezeka kiasi hicho, gesi ililazimika kutafuta kazi nyingine pia: viwanda, majumba, magari na bajaji zinazotumia gesi iliyoshindiliwa. Foleni kwenye vituo vya kujaza gesi Dar es Salaam zimeonyesha kwamba wateja wapo, ila huduma haijawatosha.

Tafakari maana yake kwa uongozi. Kumhudumia mteja mmoja wa serikali ni kazi ya mkataba na hesabu za mwisho wa mwezi. Kuwahudumia madereva wa bajaji maelfu, mama mwenye jiko la gesi ya bomba, na kiwanda cha saruji kisichoweza kuzima tanuru ni kazi nyingine kabisa. Inataka watu wanaoelewa bei, malalamiko, matengenezo ya haraka na usalama wa mtaani. Huku ndiko ninakoona nafasi za uongozi zikifunguka kwa vijana, kwa kuwa wakongwe wengi hawakulelewa huko. Mhandisi anayeweza kueleza kwa nini kituo cha Ubungo kina foleni ya saa mbili na kingine hakina, na akaleta mpango wa kulirekebisha hilo, atasikilizwa.

Duniani nako upepo umegeuka, ukageuka tena. Statoil ya Norwe ilijiita Equinor mwaka 2018 ili isionekane ni ya mafuta tu. BP ilitangaza mwaka 2020 kwamba ifikapo 2030 itapunguza uzalishaji wa mafuta na gesi kwa asilimia 40. Mwaka 2023 ikashusha lengo hadi asilimia 25. Mwaka 2025 ikaliacha na kurudisha fedha zaidi kwenye mafuta na gesi. Ndani ya miaka mitano mtu aliyeajiriwa kuongoza nishati ya upepo aliambiwa yeye ndiye kesho ya kampuni, kisha akaambiwa kitengo chake kinapunguzwa. Kwa hiyo kauli za kampuni kuhusu kesho zisome kwa makini, lakini usizijengee nyumba. Jenga juu ya ujuzi unaotakiwa pande zote mbili: usalama wa mitambo yenye presha, usimamizi wa mikataba mikubwa, upimaji wa uvujaji wa methani, mahusiano na wenye ardhi.

Fedha nazo zimekuwa ngumu. Benki kadhaa za kimataifa zilikataa kuikopesha EACOP, na Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuupinga mradi huo. Unaweza kukubaliana nalo au usikubaliane. Ukiwa kiongozi, huna ruhusa ya kulipuuza. Utaulizwa na mkopeshaji, na mwandishi wa habari, na mwanao aliyeko sekondari: mabadiliko ya tabianchi mnayafanyia nini, na waliohamishwa wako wapi sasa? Jibu lisilo na takwimu za kituo chako mwenyewe halitamtosheleza yeyote kati yao. Jua kituo chako kinachoma gesi kiasi gani hewani na kwa nini. Jua ni kaya ngapi zimelipwa na ngapi bado. Mkuu asiyejua mambo haya mawili anaongoza kituo cha jana.

Zamu, kibali na mamlaka ya kusimamisha

Nitakaa hapa kwa muda, maana hapa ndipo viongozi wa sekta hii wanapotengenezwa au kuharibika.

Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, kwenye Bahari ya Kaskazini, jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha lililipuka. Watu 167 walikufa. Mchana wake mafundi walikuwa wameondoa vali ya usalama ya pampu moja ili ihudumiwe, wakaacha tundu limezibwa kwa kifuniko ambacho hakikuwekwa kwa ajili ya kuhimili presha. Kazi haikuisha. Zamu ikabadilika. Walioingia usiku hawakupata taarifa kwamba vali ile haipo. Pampu ya pili ilipozima na kukataa kuwaka, wakawasha ile ya kwanza, wakiamini ni nzima. Gesi ikavuja, ikashika moto.

Ripoti ya uchunguzi iliyoongozwa na Lord Cullen, iliyotoka 1990, ilitoa mapendekezo 106, na mengi ya unayoyakuta leo Mtwara au Hoima, fomu za vibali, vikao vya kukabidhiana zamu, mazoezi ya dharura, yana chimbuko lake huko. Lakini kuna sehemu moja ya habari hii ambayo kila anayetaka kuongoza anapaswa kuijua. Majukwaa jirani, Claymore na Tartan, yalikuwa yameunganishwa na Piper Alpha kwa mabomba. Waliokuwa huko waliuona moto. Hata hivyo uzalishaji haukusimamishwa mara moja. Kuzima kulikuwa na gharama, na wasimamizi hawakujiona wana mamlaka ya kuamua bila kauli kutoka nchi kavu. Mafuta na gesi vikaendelea kulisha moto.

Fomu peke yake haiokoi mtu. Kinachookoa ni msimamizi anayejua kwa hakika kwamba anaruhusiwa kuzima, na ambaye wakubwa wake wamemthibitishia hivyo kabla ya siku hiyo. Unapopewa usimamizi wa zamu kwa mara ya kwanza, mwulize mkuu wako waziwazi: nikizima mtambo usiku kwa wasiwasi, na asubuhi ikabainika hapakuwa na hatari, nitafanywaje? Akisita kujibu, umekwisha kujua ni kituo cha namna gani.

Nawe uwape wa chini yako jibu hilohilo. Nchini kwetu kuna ugumu wa ziada, nao ni heshima kwa umri. Fundi wa miaka ishirini na minne akiona kosa la fundi wa miaka hamsini na mitano hunyamaza, si kwa uoga peke yake bali kwa malezi. Huwezi kuyafuta malezi hayo, na sioni haja ya kuyafuta. Unachoweza ni kuwafundisha njia ya kusema ndani ya heshima. “Mzee, samahani, kibali hiki kimeandikwa pampu ya pili, nasi tumesimama kwenye ya kwanza.” Sentensi kama hiyo haimvunjii mtu heshima. Ifanyieni mazoezi kwenye kikao cha asubuhi. Na siku kijana atakapoitamka, mshukuru mbele ya wote, na yule mzee mshukuru pia kwa kusikiliza.

Kikao hicho cha asubuhi kifanyike kwa lugha wanayoielewa wote. Kwenye kambi nyingi mameneja hutoka Ufaransa, China, Uingereza au India, na maelekezo ya usalama husomwa kwa Kiingereza mbele ya watu wanaotikisa vichwa kwa adabu. Kiongozi Mtanzania au Mganda anayesimama akaeleza kwa Kiswahili kilichonyooka, kisha akamtaka mmoja wa waliopo arudie kwa maneno yake, anafanya kazi ambayo mgeni hawezi kuifanya. Hiyo ni nguvu yako, itumie.

Kuhusu makabidhiano: andika daftari la zamu kana kwamba anayeingia hatakuona tena. Taja kilichofunguliwa, kilichofungwa, kilichoachwa njiani, na unachokitilia shaka. Tembeeni pamoja hadi kwenye mtambo, msimalizie ofisini. Wasimamizi wengi huharakisha kwa sababu gari la kwenda kambini linangoja. Liache lingoje.

Fuata fedha mpaka mwisho

Mhandisi mzuri hufika umeneja wa kituo, kisha hukwama. Mara nyingi kinachomkwamisha ni kutoelewa jinsi fedha inavyogawanywa.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Chini ya mkataba wa ugawanaji mapato, kampuni hutumia fedha zake kutafuta na kuzalisha. Gesi ikianza kuuzwa, hujirejeshea gharama kutoka sehemu ya mapato, kwa ukomo uliowekwa kwenye mkataba. Kinachobaki ndicho faida, na hicho hugawanywa kati ya kampuni na upande wa serikali kwa viwango vilivyokubaliwa. Ukilitafakari, utaona kwamba kila gharama unayoisaini, iwe ya kukodi helikopta au kuleta mtaalamu wa wiki mbili, inaweza kupunguza fungu la taifa. Wakaguzi wa serikali hupitia gharama hizo, na nyingine hukataliwa. Meneja anayeweza kutetea kila shilingi kwa nyaraka huheshimiwa na pande zote mbili.

Soma Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, si kwa muhtasari wa mtandaoni bali yenyewe. Soma Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta na Gesi ya mwaka huohuo, na sheria za mwaka 2017 kuhusu umiliki wa rasilimali asilia. Kisha chukua ripoti ya TEITI, taasisi ya uwazi wa mapato ya madini, mafuta na gesi, ulinganishe kilicholipwa na kampuni na kilichopokelewa na serikali. Ukiyafanya hayo kwa miezi sita, saa mbili kila Jumamosi, utakuwa mbele ya wengi waliokuzidi cheo.

Sababu ya kulisisitiza hili ni kwamba serikali inaingia zaidi ndani ya biashara yenyewe. Mwaka 2024 hisa za TPDC kwenye Mnazi Bay zilipanda kutoka asilimia 20 hadi 40, na kwenye EACOP shirika hilo linashikilia asilimia 15, sawa na shirika la mafuta la Uganda, UNOC. Mwenye hisa hukaa kwenye kamati zinazopitisha bajeti na mpango wa visima. Akipeleka mtu asiyeelewa, atapigiwa hesabu na wenzake. Wanahitajika watu waliopita kwenye mtambo na wanaosoma mkataba pia. Ni wachache mno, na soko linawalilia.

Wenye eneo

Mei 2013 Mtwara iliwaka. Wananchi hawakutaka gesi iondoke kwa bomba kwenda Dar es Salaam kabla hawajaiona faida yake. Nyumba na ofisi zilichomwa, watu wakafa, jeshi likaingia mitaani. Wahandisi wengi walilichukulia tukio lile kama la kisiasa lisilowahusu. Naliona kama somo la kwanza la uongozi wa gesi Tanzania. Watu walisikia trilioni, wakaona shimo.

Kama unasimamia kazi kijijini, onana na mwenyekiti wa kijiji kabla ya greda, si baada yake. Usiahidi ajira ambazo huna mamlaka nazo. Ukisema vijana ishirini watapata kazi ya miezi minne, taja miezi minne waziwazi, kwa kuwa watu husikia “kazi” na kuacha mengine. Fidia ichelewapo, nenda ukaseme imechelewa na kwa nini. Ukimya hujazwa na uvumi. Jua kwamba kampuni hulipa ushuru wa huduma kwa halmashauri, kwa asilimia ya mapato, na uwe tayari kueleza umelipwa lini na kiasi gani. Meneja anayejua hilo kwa tarakimu hatetereki kwenye mkutano wa hadhara. Asiyejua hupeleka ofisa uhusiano, na wananchi hutambua mara moja kwamba ametumwa asiye na uamuzi.

Itumie sheria inayokubeba

Kanuni za ushiriki wa Watanzania kwenye petroli za mwaka 2017 zinazitaka kampuni ziwasilishe mpango wa ajira na mafunzo, ukiwemo mpango wa kurithisha nafasi zinazoshikwa na wageni. Uganda nayo ina kanuni zake. Wafanyakazi wengi hawajawahi kuuliza mpango wa kampuni yao unasemaje. Uliza. Uliza nafasi ipi ina jina la mrithi, jina la nani, na mrithi huyo amepangiwa mafunzo gani na hadi lini. Kama jina lako limo, dai mafunzo yaliyoandikwa. Kama halimo, omba liingizwe, ukiwa umebeba ushahidi wa kazi yako.

Tahadhari moja. Wako warithi wa karatasini: mtu ana cheo cha naibu, ana ofisi, lakini barua pepe za maamuzi haziandikwi kwake. Ukijikuta hapo, usinung'unike pembeni. Mwendee unayemrithi, mwombe akuachie uamuzi mmoja kamili kila mwezi, wenye bajeti na matokeo. Wengi hukubali, maana nao wana mkataba wenye tarehe ya mwisho. Akikataa kila mara, andika kwa utawala kwa lugha ya staha, na nakala ibaki kwako.

Mfano wa subira yenye kazi ndani yake uko Uganda. Ernest Rubondo, mkurugenzi mtendaji wa kwanza wa Mamlaka ya Petroli ya Uganda, na Proscovia Nabbanja, aliyefika kuwa mtendaji mkuu wa UNOC, wote ni wanajiolojia walioanzia kwenye idara ya serikali ya utafutaji wa petroli, kabla Uganda haijapata ugunduzi wake wa mwaka 2006. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulikuja Februari 2022. Katika miaka hiyo yote walikuwa wakipima, wakichora ramani, wakijadiliana na kampuni. Uamuzi ulipofika, waliokuwa wanaijua miamba na mikataba kwa pamoja walikuwa wao.

Kwa wanawake niseme waziwazi: kambi nyingi bado hazijawafikiria, kuanzia vyumba vya kulala hadi saizi ya viatu vya usalama. Usikubali kuhamishiwa ofisini “kwa ajili yako” kabla hujamaliza miaka yako ya mtambo, kwa sababu miaka hiyo ndiyo utakayoulizwa baadaye. Na kama wewe ni mkuu wa kambi, rekebisha vyumba na viatu mwezi huu. Havihitaji kikao cha bodi.

Bei zikianguka

Zitaanguka. Katikati ya 2014 pipa lilikuwa juu ya dola 100. Januari 2016 lilikuwa chini ya 30. Tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa mafuta wa Marekani uliuzwa chini ya sifuri, yaani muuzaji alimlipa mnunuzi ayachukue. Kila mara visima husimamishwa na watu hurudishwa nyumbani, kuanzia wa kandarasi.

Jiandae ukiwa bado unalipwa. Ishi kwa mshahara wa msingi, posho ya kambini iweke. Shika usajili wa Bodi ya Wahandisi, na vyeti vya usalama vinavyotambulika nje visikwishe muda kwa uzembe, kwa kuwa Oman na Qatar huviuliza kabla ya shahada. Huko Ghuba kuna kazi, lakini elewa kwamba nchi hizo nazo zinawapa raia wao nafasi za juu kwanza. Nenda kuchota uzoefu wa mitambo mikubwa, ukiwa na mpango wa kurudi.

Angalia pia jirani wa karibu zaidi. Olkaria, Kenya, umeme wa jotoardhi umezalishwa tangu 1981, na wachimbaji wa KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, wamepata kandarasi za kuchimba visima Ethiopia na Djibouti. Mtambo wa kuchimbia jotoardhi, saruji ya kisima, udhibiti wa presha, mipango ya dharura: mtu wa mafuta anavijua vyote. Tanzania ina maeneo yake ya jotoardhi, Ngozi mkoani Mbeya likiwa mojawapo. Kuhamia huko miaka miwili hakutakuharibia jina.

Kabla hujasaini barua ya uteuzi

Siku itafika utaitwa kuwa meneja wa kituo, au mkuu wa operesheni. Usisaini siku hiyohiyo. Omba siku tatu na uulize haya. Leseni inaisha lini? Ile ya Songo Songo, kwa mfano, ilitolewa Oktoba 2001 kwa miaka 25, na meneja anayeingia mwishoni mwa leseni anaingia kwenye kazi ya majadiliano kuliko ya uzalishaji. Matengenezo gani makubwa yameahirishwa, na tangu lini? Omba orodha, si maelezo ya mdomo. Nani anaidhinisha fedha za usalama, na kiwango chako bila kuomba ruhusa ni kipi? Kuna madai gani ya fidia ambayo hayajafungwa? Aliyekutangulia aliondoka kwa nini, na je, unaweza kuzungumza naye?

La mwisho liulize mbele ya mkuu wako na ofisa sheria, na jibu liingizwe kwenye barua yenyewe: kwamba mamlaka ya kuzima mtambo ni yako, saa yoyote, bila kumpigia mtu simu kwanza.